Rivyu: huduma ya kulinda popo wakati wa kubadilisha paa, nawapa nyota 4

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aondoke nayo. Kama una popo kwenye paa na unataka kubadilisha vigae, kuweka dari mpya au hata kuziba zile nyufa tu, hii huduma ya kuita mtaalamu wa popo aje kabla ya mafundi inafaa, nawapa nyota 4 kati ya 5, na ile moja niliyoibakiza nitaieleza huko mbele manake sio ya bure. Jina la kampuni siweki, wanaofanya kazi hii wapo wengi, ninachotaka mjue ni vitu gani vya kudai, ukishajua cha kudai mwenyewe utaona nani anafanya kazi na nani anakuja kupiga picha.

Kwanza ukipiga simu ukasema nina popo juu ya dari nataka waondoke, hawa jamaa hawakurupuki. Wanakuuliza maswali mpaka unachoka: umewaona wakitoka wapi, saa ngapi, wameanza lini, kazi ya paa inaanza lini, mbao zitapigwa dawa gani, mafundi watafunga mirunda upande upi. Kiukweli nilikereka, nikawa najiuliza dawa ya mbao inawahusu nini, baadaye ndo nikaelewa kwamba hapo ndo penye kazi yenyewe. Mtu anayekuja kwako na dawa ya kupuliza bila kuuliza hata swali moja, huyo muage mapema.

Siku ya kwanza wanakuja mchana. Walikuja wawili, dada mmoja ambaye ndo mtaalamu mwenyewe na kijana msaidizi, wana ngazi, tochi, barakoa, glavu na kamera ndogo iko kwenye ncha ya waya mrefu, wanaipenyeza kwenye ufa wanaona ndani bila kung'oa kitu. Nilidhani watapanda moja kwa moja darini, kumbe nusu ya kazi ni nje, wanazunguka nyumba polepole wakiangalia kuta chini ya fisha bodi (ule ubao wa ukingoni mwa paa), vioo vya madirisha, juu ya mabomba ya maji ya mvua, wanatafuta kinyesi na ile alama ya kahawia yenye mafuta inayobaki pale popo wanapojisugua kila siku wakipita. Na hapo wanapopita utashangaa, popo wadogo upenyo wa sentimita 1.5 mpaka 2 unawatosha kabisa. Hawatoboi wenyewe, popo haguguni mbao kama panya, wala haleti vijiti na majani maana hajengi kiota, anatumia nafasi ambayo fundi wa zamani aliiacha. Kule darini kwangu kulikuwa na nyaya za umeme zimetafunwa na mimi miaka yote nawalaumu popo, dada akacheka akasema hiyo kesi mpelekee panya.

Kitu nilichokipenda sana siku hiyo ni alivyonionyesha kutofautisha kinyesi, na hiki ukikijua unajikagulia mwenyewe kabla hata hujaita mtu. Kwa macho vinafanana, vipunje vyeusi virefu kidogo. Akachukua kimoja kwenye tishu, amevaa glavu, akakibonyeza taratibu kikasagika chote kikawa unga mkavu, halafu akauelekezea tochi ule unga, ukawa unametameta! Ni vipande vya mabawa na magamba ya wadudu aliokula. Cha panya kikikauka kinakuwa kigumu, ukikibonyeza hakisagiki hivyo. Kwa hiyo kama umekuta vipunje chini ya ukuta kwa nje na ndani ya dari, test yenyewe ni hiyo tu. Ila akasisitiza kwamba rundo la darini usilifagie kavukavu, mara nyingine vumbi lake lina fangasi anaitwa Histoplasma anayeingia kwenye mapafu, unalowesha na maji kwanza, unavaa barakoa ya maana (sio kitambaa), ndo unazoa. Hilo mafundi waliambiwa mbele yangu na wakapewa barakoa zao hapohapo, hapo nawapa hongera.

Sasa jioni ndo kwenye utamu. Kukaa kuwasubiri popo watoke nilidhani ni maigizo ya kuongezea bili, lakini kama huduma ina sehemu moja ya kutetea kwa nguvu zote ni hii. Wanafika kama robo saa kabla ya jua kuzama, kila mtu anasimama kona yake ya nyumba, hakuna kuzunguka, wanakaa hapo mpaka saa moja na nusu hivi au mawili baada ya jua kuzama. Wana kamera za infraredi zinazoona gizani kwenye stendi, kaunta za kubonyeza na kidole za kuhesabia popo, na kila mmoja ana kidetekta mkononi, kile ndo kilinimaliza.

Kidetekta ni kama redio ndogo tu yenye kitufe cha kuzungusha. Sikio la binadamu linaishia kama kilohezi 20, na kwa watoto labda, sisi wengine tumeshashuka zamani, wakati popo wengi wanaokula wadudu wanapiga sauti zao juu ya hapo mpaka zaidi ya kilohezi 100. Kifaa kinazishusha mpaka unazisikia. Dada akanipa changu nishike, nikawa nazungusha, kimya, kimya, halafu ghafla inaanza tap-tap-tap ya majimaji hivi, inakuja inapita juu ya kichwa inaenda, na mara inaharakisha inakuwa prrrp moja ndefu, akaniambia hapo amemkamata mdudu. Popo anaongeza kasi ya sauti anapokaribia windo, sauti zinaungana. Miaka yote nimekaa chini ya kelele hizo nikiamini ni usiku mtulivu. Akanipa na kastori ka Ulaya, kuna popo mdogo wa kule alikuwa anahesabika ni spishi moja mpaka miaka ya 1990, ila wengine walikuwa wanasikika vizuri zaidi kwenye kilohezi 45 na wengine kwenye 55, kwa sauti hizo na baadaye vipimo vya DNA wakagundua ni spishi mbili tofauti kabisa zilizokuwa zinaishi kwenye mapaa ya watu bila mtu kujua. Kwa hiyo kidetekta sio cha mapambo, kinakuambia una nani, na una nani ndo kunaamua ufanye nini.

Lakini faida kubwa ya jioni ile ni hii. Nyumba nzima sisi tulikuwa tunaapa popo wanatokea kwenye kona ya juu ya jiko, na fundi alishapanga kuiziba ile kona siku ya kwanza asubuhi. Walitokea upande mwingine kabisa! Chini ya fisha bodi ya upande wa nyuma, kwenye upenyo ambao hata ukiambiwa upo huuoni, wanadondoka kidogo kama vile jani halafu wanashika bawa wanaondoka, mmoja, mwingine, kimya, halafu wanafuatana kwa mfululizo. Kona ya jikoni hakutoka hata mmoja, tulikuwa tunawaona pale kwa sababu ndo njia yao ya kupita wakielekea kwenye miti. Angeziba kona ya bure, halafu wiki ijayo angeng'oa fisha bodi ya nyuma akiwa hajui kuna nini.

Kuna dosari moja jioni hiyohiyo. Yule kijana msaidizi aliwasha tochi ya kichwani kutafuta kalamu yake, mwanga ukaelekea palepale kwenye upenyo, na popo waliokuwa wanataka kutoka wakawa wanachungulia wanarudi ndani. Dada alimkaripia kwa sauti ya chini lakini tulisikia wote. Mwanga kwenye mlango unawachelewesha kutoka, na wadudu wengi wanaruka mapema jioni, popo akichelewa chakula kimepita. Sasa wewe ni mwajiriwa wa kampuni ya popo, hilo unalijifunzia kwa mteja kweli? Hiyo ni robo ya ile nyota niliyoibakiza.

Baada ya hapo wakasema kazi ya upande wa nyuma isubiri. Pale kulikuwa na mama na watoto. Popo wa kike wa spishi nyingi wanakusanyika sehemu moja yenye joto kuzaa na kunyonyesha, na kwenye paa hakuna sehemu ya joto kama chini ya kigae. Mama anazaa kawaida mtoto mmoja tu kwa mara moja, na mtoto wa popo mdogo hawezi kuruka kwa wiki 3 mpaka 6 za mwanzo. Ukiziba wakati huo mama wanabaki nje, watoto wanafia ndani, nyumba inanuka, na mama wanahangaika kutafuta njia nyingine mpaka wanaingia vyumbani, kwa hiyo hata usipowahurumia popo jihurumie mwenyewe. Na uzao wao ni wa taratibu kwa sababu wanaishi muda mrefu kuliko unavyodhani, kuna popo mmoja dume wa aina ya Myotis brandtii kule Siberia alivishwa pete akaja kukamatwa tena akiwa na angalau miaka 41, mwili wenyewe gramu chache tu. Panya ukimuua mwezi ujao wamejaa tena, kundi la popo ukilimaliza kwenye paa moja linachukua miaka mingi kurudi, kama litarudi.

Hapa naingia kwenye lawama yangu kubwa. Wana kipeperushi wanachompa kila mteja, kizuri, karatasi ya kung'aa, kina kalenda yenye rangi inayoonyesha miezi ya kufanya kazi na miezi ya kutogusa. Ile kalenda ni ya nchi za baridi! Kule popo wanazaa kiangazi na wanalala usingizi mzito majira ya baridi, na wakiwa wamelala kuwaamsha ni hatari maana kila wakiamka wanachoma mafuta waliyojiwekea na nje hakuna mdudu wa kufidia, kwa hiyo kule inabidi uwakwepe vipindi vyote viwili. Lakini kwenye nchi za joto kuna popo wa kwenye mapaa wanaozaa zaidi ya mara moja kwa mwaka na hawana usingizi wa namna hiyo, sasa mtu akiichukua kalenda ile akaifuata kama ilivyo anaweza kuziba kwenye mwezi ulioandikwa ruksa huku ndani wamejaa watoto. Dada mwenyewe hakuitumia, alipenyeza kamera akaangalia kama kuna watoto wa rangi ya pinki au kijivu wasio na manyoya, akarudi tena baadaye kuangalia, ndo akasema sasa wanaruka. Ila karatasi inabaki kwa mteja, na mteja anaamini karatasi. Nimewaambia, wakasema wataitoa, tutaona.

Fundi wangu mkuu hakufurahi na kusubiri, na simlaumu, ana vijana wa kulipa. Alinivuta pembeni akaniambia, "Bosi, tusichelewe kwa ajili ya popo, mi nawasha moshi hapa chini saa moja tu wameisha." Dada alikuwa amesikia. Akamjibu kwa heshima tu, "Fundi wangu, ukiwasha moshi wanaojua kuruka wataruka, na watoto watabaki hapo hapo juu ya vichwa vya vijana wako, halafu nani atawatoa kwa mikono?" Fundi akauliza wanauma? Akaambiwa popo yeyote akishikwa anaweza kuuma na popo wengine wana virusi vya kichaa cha mbwa au ndugu zake, ndo maana hakuna mtu anayeshika popo mikono mitupu kwenye hii saiti, akiumwa mtu anaosha jeraha na sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima na siku hiyohiyo anakwenda hospitali kuchomwa chanjo, hakuna kusubiri kuona kama ataugua. Moshi haukutajwa tena.

Na hapo wakakaa chini, huyu na mchoro wake wa paa na yule na ratiba yake, wakapanga upya. Upande wa mbele uanze, nyuma uje mwisho. Mirunda ya nyuma isifungwe mapema, na ikifungwa turubai lisifunike njia ya kutokea. Taa za saiti zisielekezwe juu. Mbao zinazokatwa na mashine zikatiwe upande wa mbali. Kwa mahesabu ya fundi mwenyewe kazi nzima ilichelewa kidogo sana kuliko alivyohofia, kwa sababu muda wa kusubiri aliutumia upande mwingine. Huyu dada kujua kuongea na mafundi ndo ujuzi ambao kwenye tovuti ya kampuni hawautangazi na ndo ningeulipia tena.

Kuna nchi hili sio suala la hiari. Uingereza kwa mfano sheria yao ya wanyamapori ya 1981 inalinda popo pamoja na malalio yao, na malalio yanalindwa hata kama siku hiyo hakuna popo ndani, kwa sababu wanarudi sehemu zilezile mwaka baada ya mwaka. Mjenzi kule anayegusa paa lenye popo bila kibali anaweza kupelekwa mahakamani. Ulipo wewe angalia sheria yako inasemaje kabla hujamlipa mtu, hawa jamaa walinisomea na kunionyesha, wengine hawasemi mpaka uulize.

Tuje kwenye vali, manake wengi mnaulizia hizo. Watoto walipoanza kuruka ndo wakaweka hizo vali, yaani milango ya kutokea bila kurudi, wakae nje mpaka kazi iishe. Kama unasubiri mtambo hapa utakata tamaa, ni bomba laini la plastiki la kipenyo cha kama sentimita 5 na urefu wa sentimita 25 hivi limefungwa kwenye upenyo likielekea chini, popo anatelezea nje, akirudi hapati pa kushika, na sehemu nyingine ni wavu mwepesi wa matundu ya milimita 4 au chini ya hapo, umebanwa juu na pembeni na chini umeachwa wazi, unaning'inia nusu mita hivi chini ya upenyo. Popo anatambaa chini anatoka, akirudi anatua palepale mlango wake wa zamani ulipo anakuta wavu. Vinakaa angalau usiku 5 mpaka 7 wa hali nzuri ya hewa, ikinyesha sana au ikiwa baridi chini ya nyuzi 10 hauhesabu usiku huo maana hawatoki. Halafu wanakaa jioni tena na videtekta kuhakikisha, ndo fundi anaruhusiwa. Vifaa hivi ukitaka unatengeneza mwenyewe, siwezi kukudanganya kwamba vina siri. Mimi nililipia mtu wa kuniambia usiku gani viwekwe na mlango upi. Kosa ambalo dada alisema anakutana nalo sana ni watu kupuliza fomu ile ya kuvimba kwenye nyufa kabla ya kuhakikisha, popo ananata humo na manyoya yote.

Siku ya kufungua vigae vya nyuma alikuwepo juu ya mirunda muda wote, hakukaa kwenye gari. Sharti lake moja ni kila kigae kinyanyuliwe juu kwa mkono, kisiburuzwe juu ya mwenzake, kwa sababu popo anaweza kuwa amejibana kwa chini na ukiburuza unamkata. Vijana walinung'unika. Kwenye safu ya juu kabisa kijana mmoja akanyanyua kofia ya paa akapiga kelele, na kweli alikuwepo, mmoja aliyebaki, amejikunja mabawa yamembana mwilini, manyoya ya kahawia, sikio limekunjwa, ukubwa wa kidole gumba changu. Wote wakaacha kazi kumwangalia. Dada akavaa glavu nene, akamfunika na kitambaa laini, akamweka kwenye boksi dogo lenye matundu na kitambaa kingine cha kujificha ndani, akalipeleka kivulini kusikofikiwa na paka, na jioni akamweka juu ya ukuta wa kukwaruza akaruka mwenyewe. Hawatupwi hewani, anasema popo akiwa amepoa mwili anahitaji muda wa kupata joto kwanza, ukimtupa anadondoka. Wale vijana waliokuwa wananung'unika ndo walibaki kuangalia akiruka.

Sasa kitu ambacho mimi nisingekijua kabisa na ambacho peke yake kinalipa gharama ya huduma: ile shiti ya chini ya vigae. Paa la zamani lilikuwa na karatasi ya lami, fundi alishanunua zile membreni za kisasa zinazopumua, nyepesi, nyeupe, kila mtu anazisifia. Dada alipoziona akasema kwenye sehemu popo watakaporudi usiweke hizi. Membreni nyingi za aina hiyo zimetengenezwa kwa nyuzinyuzi nyembamba sana zilizogandamizwa bila kufumwa, popo akitambaa juu yake na kucha zake anazivuta, zinakuwa manyoyamanyoya, baadaye vidole na mabawa yananasa humo anashindwa kutoka anakufa. Hili limechunguzwa Uingereza na kwa sababu hiyo kule kwenye malalio ya popo wanashauriwa kurudi kwenye karatasi ya lami yenye kitambaa cha gunia ndani. Na shiti yenyewe ikishachakaa hivyo inapoteza kazi yake, yaani unaharibu paa na popo kwa pamoja. Tukagawana, upande wa mbele membreni, nyuma ile sehemu ya popo tukaweka ya lami. Fundi alikubali haraka alipoambiwa kuhusu kuchakaa, hiyo ndo lugha yake.

Dawa ya mbao nayo hivyohivyo. Zamani kenchi zilipigwa dawa kali kama lindani na pentaklorofenoli, popo wanajilamba manyoya kila siku, sumu inaingia, wanakufa hata muda mrefu baada ya mbao kukauka. Siku hizi nchi nyingi zimeziondoa na zipo za boroni na permethrini ambazo kwao ni afadhali sana, lakini nazo zinapigwa popo wakiwa hawapo, sio juu yao. Unakumbuka lile swali la kwenye simu? Ndo hilo.

Mwisho wa yote paa likafungwa na mlango wao ukaachwa palepale ulipokuwa, chini ya fisha bodi ya nyuma, upenyo wa sentimita 2 kwenda juu na urefu wa kama rula, na kwa ndani fundi akatenga kijichumba kwa plaiwudi ili wasizagae dari nzima. Kwangu hii ni bora kuliko sanduku lolote. Popo wanakumbuka mahali, wanakuja kutafuta pale pale. Tena wakati mwingine hata bila mtu kupanga inatokea, daraja la Congress Avenue kule Austin Marekani lilipofanyiwa ukarabati mwaka 1980 wahandisi waliacha nafasi nyembamba za kutanukia zege kwa chini, popo wakaona hapa ni petu, leo kipindi cha joto wanakadiriwa kufika milioni 1.5 na watu wanapanga mstari jioni kuwaangalia. Mwanzoni wakazi walitaka wauawe. Nafasi sahihi, upana sahihi, basi.

Sanduku sasa. Kifurushi kina sanduku la popo la kuwa makao ya muda wakati wa ujenzi, na hapa nilikasirika. Walilileta mbao imerandwa laini ndani kama droo ya kabati! Popo anashika na kucha, atashika nini? Ubao wa ndani unatakiwa uwe wa kukwaruza au umechanjwa mistari, nafasi kati ya mbao iwe kama sentimita 2, usipakwe rangi wala vanishi ndani, litundikwe angalau mita 3 au 4 juu na mbele yake pawe wazi waweze kushuka. Na kijana alitaka kulitundika karibu kabisa na taa ya nje ya usalama. Kwenye joto kali kuna jambo jingine, sanduku dogo la rangi nyeusi kwenye jua la mchana linaweza kupita nyuzi 40 ndani, popo wengi hawastahimili hapo. Nililikataa, wakaleta jingine, hili zuri, limetengenezwa kwa mchanganyiko wa saruji na unga wa mbao, zito, halichemki haraka. Bado tupu, na hilo siwalaumu, mara nyingi inachukua msimu au zaidi ndo wanalikubali na mara nyingine hawalikubali kabisa. Lakini kampuni ya popo kuleta sanduku lisiloshikika ni kama muuza viatu kukuuzia kiatu kisicho na soli.

Ripoti yao ni ndefu, majina ya Kilatini, ramani, fundi hawezi kuisoma, muhtasari wa ukurasa mmoja ungetosha. Simu wanapokea vizuri.

Na kwa wale mnaotaka njia ya mkato, vile vifaa vya kuchomeka kwenye soketi vinavyodai kufukuza popo kwa sauti, achana navyo, hakuna ushahidi wa kueleweka kwamba vinawaondoa. Naftalini nayo ili ifanye chochote darini inabidi uweke nyingi kiasi cha kuumiza watu walio ndani. Hela hiyo kanunulie wavu.

Kama unawaita hawa au wengine, kabla hujasaini waulize vitu vinne vitano kwa mdomo: nani hasa atakuwepo juu ya paa siku ya kufungua, watakaa jioni mara ngapi na kwa kidetekta gani, wanahakikisha vipi kwamba hakuna watoto, sanduku lina nini ndani (wafungue uone), na kazi ikiisha nani anarudi kukagua mlango wa popo baada ya fundi rangi kupita. Hili la mwisho wengi hawaliweki kwenye mkataba. Fundi rangi wangu nilimkuta yuko kwenye ngazi ya nyuma na bunduki ya silikoni mkononi, ananiambia bosi hapa kuna ufa mkubwa waliusahau, nakuzibia bure.